Mimi ni mkimya: nijieleze vipi wanapouliza kama nitaendana na utamaduni wao?

Swali: Mimi ni mhasibu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa. Maswali ya kazi yenyewe hayanisumbui, na mara nyingi ninaitwa kwenye usaili wa pili. Shida huanza wanapouliza, "Tueleze wewe ni mtu wa aina gani, na unadhani utaendanaje na utamaduni wetu?" Mara ya mwisho nilijibu kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, mvumilivu, na ninapenda kushirikiana na wenzangu. Baadaye nikaandikiwa kuwa nimefanya vizuri, ila wamemchukua mtu anayeendana zaidi na utamaduni wa kampuni. Kwa asili mimi ni mkimya. Je, nijifanye mchangamfu? Na huo utamaduni wao nitaujuaje kabla hata sijaingia ndani?

Jibu: Ndugu yangu, kuhusu kujifanya jibu ni hapana, na sababu zake nitazieleza. Ila kwanza tuliangalie lile jibu lako, maana kwa jinsi ulivyosimulia, nadhani lilikuponza kuliko ukimya wako.

Nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka mingi. Msaili anakuwa na fomu mbele yake, na karibu na sehemu ya tabia kuna nafasi ya kuandika alichokisikia. Ukisema "mchapakazi, mwaminifu, mvumilivu", kalamu yake haina la kuandika. Aliyetoka kabla yako alikuwa mchapakazi, na atakayeingia baada yako atakuwa mchapakazi na mwaminifu pia. Sijawahi kumsikia mtu akisema mbele ya jopo kwamba yeye ni mvivu. Mlango ukishafungwa, mwenyekiti anauliza, "Mmemwonaje?" Kimya kidogo. Mmoja anasema, "Yuko vizuri." Mwingine anaongeza, "Ni mtulivu." Wanageuza ukurasa. Hakuna aliyekupinga, lakini pia hakuna aliyebaki na kitu cha kukutetea nacho zamu ya kulinganisha majina itakapofika.

Na pale ambapo hakuna ushahidi, hisia huingia. Msaili atampa alama nzuri yule aliyemchekesha, au aliyesoma shule kama yake, au anayeshabikia anachokishabikia yeye, kisha ataliita jambo hilo "kuendana na utamaduni". Sisemi hivi kwa uchungu, ni jambo lililochunguzwa. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Lauren Rivera, alichapisha kazi iliyotokana na mahojiano 120 na watu wanaohusika na kuajiri katika kampuni kubwa za sheria, benki za uwekezaji na kampuni za ushauri. Alikuta kwamba kuendana kulipimwa kwa kiasi kikubwa na mambo ambayo si ya kazi: burudani anazozipenda mtu, maisha aliyopitia, namna anavyojiweka mbele za watu. Kwa hiyo yawezekana kabisa ulikosa nafasi kwa sababu hiyo, na hapo huna kosa. Yawezekana pia kulikuwa na mtu wa ndani aliyekwisha kuandaliwa nafasi hiyo, au mshahara uliotaja ulizidi bajeti yao. Barua za kukataliwa huandikwa kwa maneno laini yanayotumwa kwa wote, kwa hivyo usiichukulie hiyo moja kama hukumu ya tabia yako.

Unachoweza kukidhibiti ni kimoja: kuwapa ukweli wa kutosha ili hisia zao zipate pa kushikilia. Kuna kisa cha zamani ninachokipenda juu ya hili. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alikuwa kijana wa miaka 21 jeshini Israeli, akapewa kazi ya kuurekebisha usaili wa askari wapya. Usaili uliokuwepo ulikuwa mazungumzo ya dakika 15 hadi 20, msaili akigusa hili na lile mpaka apate picha ya jumla ya mtu. Picha hiyo ilikuwa karibu haisaidii kitu katika kubashiri nani angefanya vizuri jeshini. Kahneman akachagua sifa sita, na kila sifa akaiwekea maswali ya mambo yaliyokwisha kutendeka: umefanya kazi ngapi, ulikuwa unawahi kazini au shuleni kiasi gani, unakutana na marafiki mara ngapi. Kila sifa ikapewa alama yake kabla ya kwenda kwenye nyingine. Wasaili wakalalamika kwamba anawageuza mashine. Akawakubalia jambo moja: wakimaliza yote, wafumbe macho, wamfikirie yule kijana akiwa askari, kisha watoe alama ya hisia. Utaratibu mpya ulibashiri vizuri zaidi ya ule wa zamani, na kilichomshangaza ni kwamba hata alama ya kufumba macho ilifanya kazi vizuri sawa na zile sita zikijumlishwa. Tofauti ni kwamba safari hii hisia zilikuja baada ya ukweli kukusanywa.

Jopo lako huenda halina Kahneman wa kulipanga. Huenda wanaongea tu mpaka wapate picha. Basi wapangie wewe: ukiulizwa juu ya tabia, jibu kwa jambo lililotendeka.

Anza nyumbani, kwa kuchagua. Mwaka 1991 Charles O'Reilly, Jennifer Chatman na David Caldwell walichapisha kipimo cha utamaduni wa kazi chenye sentensi 54 za mambo ambayo watu huyathamini kazini, kama vile uangalifu, kuthubutu, kuheshimu haki ya kila mtu, au kushindana. Anayepimwa hazipi zote alama ya juu. Hulazimika kuzigawa katika mafungu tisa, kuanzia linalomfaa zaidi hadi linalomfaa kidogo kabisa, na kila fungu lina nafasi zilizohesabiwa. Unaweza kuliiga hilo kwa vikaratasi vichache. Andika mambo kumi na tano unayoyathamini kazini, kisha jilazimishe kubakiza mawili juu na kuweka mawili chini kabisa. Kuweka mawili chini ndiko kutakakokusumbua, na ndiko kutakakokufundisha zaidi. Mtu akikuta ameweka "mabadiliko ya mara kwa mara" chini, amejua jambo kumhusu ambalo neno mvumilivu lisingemwambia kamwe.

Ukishapata hayo mawili ya juu, kwa kila moja tafuta siku moja ambayo tabia hiyo ilionekana, mbele ya watu, katika jambo lenye uzito. Kisha tafuta gharama yake. Hapa ndipo wengi huishia njiani. Kila tabia nzuri ina usumbufu wake kwa wengine, na mtu anayeujua usumbufu wake ni rahisi kufanya naye kazi. Sizungumzii lile jibu la "udhaifu wangu ni kupenda sana ukamilifu". Wasaili wamelisikia mpaka masikio yamechoka. Nazungumzia gharama ambayo mwenzako wa meza ya pili angeithibitisha akipigiwa simu.

Nikuonyeshe ninavyomaanisha. Tuseme unaulizwa wewe ni mtu wa aina gani, nawe ukajibu hivi:

"Mimi ni mtu ambaye siwezi kuachia hesabu mpaka zikubaliane. Mwaka jana tulipokuwa tunafunga hesabu za robo ya tatu, niliona ankara mbili za mtoa huduma mmoja. Namba tofauti, tarehe tofauti, lakini kazi ileile. Moja ilikuwa imelipwa, ya pili ilikuwa inasubiri saini. Sikutuma barua pepe ya kuwanakili watu wote. Nilimfuata mwenzangu wa ununuzi mezani kwake, tukazifungua pamoja, tukagundua mtoa huduma alituma ankara upya alipoona malipo yanachelewa. Tukaisimamisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeripoti kwa meneja. Tabia hii ina ubaya wake. Mimi huchelewa kusema nimemaliza, na zamani iliwapa wenzangu wasiwasi. Siku hizi namwambia meneja mapema kipi kimekamilika na kipi bado nakihakiki, ili asikae akisubiri kitu asichokijua."

Lisome kwa sauti, halifiki dakika moja na nusu. Sasa rudi kwenye fomu ya msaili. Ana kitu cha kuandika: aligundua malipo ya mara mbili. Ana cha pili: alimwendea mwenzake, hakumwaibisha. Ana cha tatu: anajua wenzake humwona vipi, na amefanya jambo juu yake. Hukusema wewe ni mwaminifu wala kwamba unapenda kushirikiana, lakini mambo hayo mawili yameshaandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Jopo litakapokaa kulinganisha majina, mmoja wao atasema, "Yule wa ankara mbili," na wote watajua ni nani. Bila shaka usilikariri jibu hili. Ukisimulia ankara ambayo hukuiona, swali la pili tu litakuumbua: "Mfumo wenu haukuizuia? Kwa nini?" Aliyekuwepo hujibu hapohapo, aliyetunga huanza kutazama dari.

Swali la pili ndilo sababu yangu ya kwanza ya kukukataza kujifanya mchangamfu. Kujifanya kunawezekana kwa dakika kumi, lakini usaili wa pili una saa nzima na watu watatu wanaokuchimba kwa zamu. Sababu ya pili ni kwamba unaweza kufanikiwa. Watakuajiri yule mtu uliyewaonyesha, watampangia kazi za kwenda kuongea na wateja na kuendesha vikao, nawe itabidi umwigize kila siku ya kazi. Watafiti wale wa sentensi 54 waliwafuatilia waajiriwa: ambao thamani zao zilikaribiana na za mahali pa kazi waliridhika na kujifunga zaidi na taasisi zao mwaka mmoja baadaye, na baada ya miaka miwili walikuwa wameondoka kwa uchache kuliko wengine. Kuendana basi si porojo za idara ya rasilimali watu. Kuna kitu ndani yake, na kinakuhusu wewe kabla ya kumhusu mwajiri.

Halafu ukimya wenyewe. Mwaka huohuo wa 1991, Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi kuhusu tabia na utendaji kazini. Walipanga tabia katika makundi matano makubwa ambayo wanasaikolojia huyatumia hadi leo. Tabia iliyohusiana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza ilikuwa ile ya uangalifu na kuwajibika: mtu anayepanga, anayemaliza, anayeaminika kwa alichokiahidi. Uchangamfu ulisaidia hasa kwa mameneja na watu wa mauzo. Wewe ni mhasibu. Una haki ya kuingia bila kuomba radhi kwa jinsi ulivyo.

Lakini wasaili wana hofu juu ya mtu mkimya, na si hofu ya kijinga. Wanaogopa kwamba ataona tatizo akanyamaza, kwamba mkubwa akikosea hatathubutu kusema, na kwamba hawatajua amezidiwa na kazi mpaka mambo yaharibike. Iondoe hofu hiyo wewe mwenyewe kabla hawajaiuliza: "Kwenye vikao siongei sana, husikiliza kwanza. Lakini nikiona tarakimu ambayo haikai sawa, nasema palepale, hata kama aliyeileta ni mkubwa wangu." Kisha mfano. Mtu mkimya mwenye mfano mmoja wa siku aliyofungua mdomo wakati ilibidi huwa na nguvu kuliko mchangamfu mwenye mifano mitano ya utani. Salamu kamili, kumtazama kila mjumbe wa jopo unapojibu na si yule aliyeuliza tu, sauti inayofika mwisho wa meza: hayo yote ni adabu ya kazi, yafanyie mazoezi, wala usiyahesabu kuwa kujifanya.

Nikiwa hapo, neno moja juu ya vile vipimo vinavyomgawa kila mtu katika moja ya aina 16 na kumpa herufi nne. Usijieleze kwa herufi hizo. Nusu ya jopo haitaelewa, na nusu inayoelewa huenda inajua kwamba hata taasisi inayosimamia kipimo cha Myers-Briggs inasema si haki kukitumia kuchagua waajiriwa.

Tuje kwenye utamaduni wao. Edgar Schein, aliyefundisha kwa miaka mingi MIT, chuo kikuu cha Marekani, aliugawa utamaduni wa taasisi katika ngazi tatu: yale yanayoonekana kwa macho, yale wanayosema wanayaamini, na yale wanayoyachukulia kuwa kawaida mpaka hawayasemi tena. Waombaji wengi huishia ngazi ya pili. Wanafungua tovuti, wanakariri "uadilifu, ubunifu, ushirikiano", kisha wanakuja kulisomea jopo maneno yake lenyewe. Jopo linatabasamu, halina linalolipata.

Wewe itafute ngazi ya tatu. Tangazo la kazi lina dokezo. "Mazingira yenye kasi" mara nyingi maana yake watu ni wachache na tarehe za mwisho zinagongana. "Awe anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa" huenda inamaanisha meneja hana muda wa kukufundisha. Nafasi hiyohiyo ikitangazwa tena na tena, jiulize wanaoipata huenda wapi. Kama wanachapisha ripoti ya mwaka, soma wanajisifia nini: ukubwa, kasi, wateja, au usafi wa hesabu. Ukimpata mtu aliyewahi kufanya kazi pale, usimuulize kama utamaduni ni mzuri, maana atakujibu "si mbaya". Muulize mtu akikosea pale kinachofuata ni nini. Muulize barua pepe za usiku hujibiwa usiku au asubuhi. Muulize ni nani anaweza kumkatalia bosi. Hata namna walivyokuita ni habari: walikuambia utakutana na nani? Walianza kwa wakati? Walipochelewa, kuna aliyekuja kukueleza?

Halafu jibu la kuendana linaundwa na vitu vitatu: nilichokiona kwenu, ninavyofanya kazi mimi, na pale ambapo itanibidi nijirekebishe. Kwa mfano: "Nimesoma kwamba mmeunganisha idara za fedha za matawi kuwa moja, kwa hiyo nadhani watu wengi wanajifunza utaratibu mpya kwa wakati mmoja. Mimi hufanya vizuri panapohitaji mtu wa kuandika hatua kwa hatua ili wengine wafuate. Kazini kwangu ndivyo tulivyohamia mfumo mpya. Nilikotoka maamuzi yalipitia kwa mtu mmoja. Kwenu naona yanaamuliwa na timu, na hilo litanichukua muda kulizoea, ingawa ndicho kimojawapo kilichonivutia kuomba." Sehemu ya tatu ndiyo inayofanya mbili za kwanza ziaminike. Anayedai anaendana kwa kila kitu, ama hajachunguza ama anasema wanachotaka kusikia.

Wakiuliza ndoa, mimba, dini au kabila, wakidai hayo nayo ni "kuendana", rudisha swali kwenye kazi kwa upole: "Kama mnataka kujua kuhusu kusafiri au kubaki jioni wakati wa kufunga hesabu, ninaweza." Katika nchi nyingi kumbagua mwombaji kwa mambo hayo ni kinyume cha sheria. Kama utaendelea kuitaka kazi baada ya hapo, utaamua mwenyewe.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Hapo ndipo na wewe unawasaili. Uliza: "Mtu wa mwisho kupandishwa cheo katika idara hii, ni kitu gani hasa alichokifanya?" Wakikutajia kazi, umejua wanachokithamini. Wakikutajia miaka aliyokaa, umejua pia. Kisha: "Mara ya mwisho mtu wa chini alipotofautiana na meneja kuhusu hesabu, iliishaje?" Usisikilize jibu tu. Tazama wanatazamana vipi, na nani anasubiri nani aanze kuongea. Andaa maswali hayo mawili, la tatu mara nyingi halipati muda.